Lami ya Kivu kwa rodi baiki: achana na kilomita, hesabu vilima

Swali lenyewe nalifupisha hivi: "Shikamoo fundi. Tupo watatu hapa Arusha, tunapiga rodi baiki (baiskeli za mbio) kila wikiendi, Arusha–Moshi kwenda na kurudi tunaimaliza vizuri tu. Mwezi wa 7 tuna siku 8 tunataka kwenda Ziwa Kivu. Plani yetu ni kulizunguka ziwa lote, Rwanda na upande wa Kongo, kilomita 120 kwa siku. Kaseti yangu (gia za nyuma) ni ya meno 11-28, itatosha? Na tupite lami au ile njia ya vumbi, Congo Nile Trail? Tuanzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Swali zuri na nimefurahi umeuliza kabla ya kwenda, maana wengi huwa wananiuliza wakiwa wameshakwama Rutsiro, milimani juu ya ziwa, na magoti yanauma. Naanza na majibu mafupi halafu ntaeleza. Kuzunguka ziwa lote hapana. Kilomita 120 kwa siku hapana. Kaseti ya 28 hapana. Lami ndiyo. Anzieni Rubavu, kaskazini mwa ziwa, mteremke mpaka Rusizi kusini, msianzie Rusizi. Sasa tulia nikueleze kwa nini.

Hili la kuzunguka tulimalize mapema. Upande wa Kongo barabara inatoka Goma inapita Sake, Minova, Kalehe mpaka Bukavu, na kwa mtu anayeangalia ramani inaonekana inakamilisha duara vizuri kabisa. Ila Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, na hata kabla ya hapo ile barabara haikuwa ya kwenda kutalii na baiskeli. Nina jamaa Goma, watu wazuri, Kiswahili chao kitamu, na siku moja nitapiga ile njia Mungu akipenda, ila siyo sasa na siyo nyie. Pigeni upande wa Rwanda peke yake, unatosha na utabaki.

Tuje kwenye vilima, maana ndipo plani yenu ilipovunjika. Arusha–Moshi mnayoizoea ina kupanda kidogo na kushuka kidogo, mtu anakaa kwenye gia moja dakika ishirini anapiga stori. Kivu hamna kitu kama hicho. Usawa wa ziwa ni kama mita 1,460 juu ya bahari, na nyuma yake umesimama mgongo wa milima unaogawa maji, mvua ikinyesha upande huu inaenda Kongo na ikinyesha upande ule inaenda Nile. Barabara haipiti chini ufukweni. Inapita ubavuni mwa huo mgongo, na ule ubavu umechanwachanwa na mito inayoshuka ziwani, kwa hiyo kila mto ni shimo, unashuka mpaka darajani halafu unapanda kutoka, unashuka tena, unapanda tena. Hamna tambarare. Mi nimeshatafuta tambarare kati ya Rubavu na Karongi, niliyoipata ilikuwa ndani ya uwanja wa mpira wa shule.

Wataalamu wa miamba wanasema zamani maji ya eneo hili yalikuwa yanaelekea kaskazini, volkano za Virunga zikaja zikaziba njia kama ukuta, maji yakajaa kwenye mabonde mpaka yakapata pa kutokea kusini, ndio Mto Ruzizi unaoenda Tanganyika. Ndiyo maana ukiangalia ufukwe wa Kivu upande wa Rwanda umekaa kama vidole vya mkono, maana ni mabonde yaliyozama. Kwa mwendesha baiskeli tafsiri yake ni kwamba mahali ambapo kunguru anaruka kilomita 10 we unaendesha 25.

Kwa kipimo changu mwenyewe, kila kilomita 100 kwenye ile lami unapanda mita 2,000 na zaidi. Kwa hiyo chukua kilomita unazopiga kwenu Jumamosi ukiwa fiti, gawa kwa mbili, hiyo ndo siku yako ya Kivu. Kama Arusha unapiga 160, Kivu panga 70 mpaka 90, na usiku utalala kama mtoto. Rusizi mpaka Rubavu yote ni kama kilomita 195 hivi, wale wa mashindano ya Tour du Rwanda walishaipiga kwa siku moja, lakini wale wanakula kwa mikono ya watu na gari la timu lipo nyuma. Nyie ipeni siku 4.

Sasa gia. Safari yangu ya kwanza kule nilienda na gia ya mbele 39 na nyuma 25, kwa kiburi tu, maana nilikuwa nafikiri mtu wa Kagera milima namfundisha nani. Siku ya kwanza kutoka Rubavu, ukishapita mashamba ya chai ya Pfunda barabara inainuka, nikasimama kwenye pedeli. Nikakaa. Nikasimama tena. Baada ya saa moja na nusu nikashuka nikaanza kusukuma, na hapo nikiwa nasukuma akanipita dogo mmoja anasukuma baiskeli yake ya gia moja ina magunia mawili ya viazi, kavaa ndala, kanisalimia vizuri kabisa. Yaani tunasukuma wote ila yeye ana mzigo wa maana. Tangu siku hiyo kiburi kiliisha. Weka mbele ndogo meno 34, nyuma kaseti inayofika 32 au 34 kama dereila yako (ile inayohamisha cheni) inakubali, na kabla hujanunua kaseti kubwa mwambie fundi wako akague mkono wa dereila, kama ni ule mfupi 34 itagoma, na cheni lazima iongezwe pingili, usije ukaweka kaseti kubwa na cheni ileile ukavunja kitu siku ya kwanza. Ukibaki na 28 utafika, sikatai, ila magoti yatakudai.

Tairi weka upana wa milimita 28, siyo 23 wala 25. Lami yenyewe ni nzuri, kiukweli ni nzuri kuliko barabara nyingi ninazozijua huku kwetu, ila baada ya mvua matope na kokoto vinashuka kutoka juu mlimani vinalala kwenye kona, na kona zenyewe huzioni mpaka umefika. Beba tyubu mbili kila mtu, solushen, viraka, pampu ya mkono, pingili ya akiba ya cheni na pedi za breki za akiba. Pedi hizo usizidharau. Mafundi wa baiskeli wapo kila senta, kila unapoona tairi limetundikwa mtini hapo kuna fundi, na spoku anakunyooshea vizuri mno, lakini wanatengeneza baiskeli zile nzito za mizigo, pedi za diski au tyubu ya valvu nyembamba hana. Zile utazipata Kigali tu, na Musanze ukibahatika, maana pale ndo kulikuwa na kambi ya timu ya taifa ya baiskeli kwa miaka mingi.

Breki sasa. Watu wanaogopa kupanda, mi naogopa kushuka. Kutoka Mukamira kushuka Rubavu, au ukishafika juu Rutsiro unaanza kuidondokea Karongi, ni kushuka kwa muda mrefu na mikono inakufa ganzi. Kama breki zako ni zile za kubana ringi, usiishike muda wote kama mtu anayebembeleza mtoto, ringi inachemka mpaka tyubu inapasuka, nimeiona kwa macho. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena, achia. Na ukiona mikono imechoka simama, piga picha, kuna sababu mia za kusimama pale. Vaa koti jepesi la upepo kabla hujaanza kushuka na siyo katikati, maana umetoka jasho juu huku na juu huko baridi kweli, unazidi mita 2,000, asubuhi ya mwezi wa 7 unaweza kutetemeka hadi usukani ukatikisika ukadhani baiskeli ina tatizo.

Halafu hili hujaliuliza ila ndo la hatari kuliko yote kwenu. Rwanda wanapita KULIA. Unajua, na mimi nilijua. Siku nzima ukiwa na wenzako na magari yapo hutokosea. Utakosea pale ulipopumzika. Mi nilikuwa nimesimama mahali kunywa chai na maandazi, kijiwe kipo upande wa kushoto wa barabara, nikamaliza, nikapanda baiskeli, barabara tupu kimya, nikaondoka nikashika kushoto kama nipo Bukoba, nateremka napiga mluzi. Kona ya kwanza lori. Dereva alipiga honi mimi nikaenda mtaroni, na ile mitaro ya Rwanda imejengwa kwa mawe, siyo majani. Nilitoka na kiwiko kimechunika na ringi ya mbele imeliwa. Tangu hapo nina kautepe kekundu nimefunga upande wa kulia wa usukani, kila nikipanda baada ya kusimama nakitafuta kwanza kwa macho. Fungeni na nyie, mtanicheka ila fungeni. Na siku ya kwanza msikae tu Kigali hotelini, zungukeni mtaa mtulivu asubuhi mzoee kuangalia kushoto kabla ya kuvuka.

Na hapohapo ndo kuna sababu ya kuanzia kaskazini. Ziwa lipo magharibi mwa barabara. Ukitoka Rubavu kwenda Rusizi unaelekea kusini, magharibi ipo kulia kwako, na unapita kulia, kwa hiyo ziwa lipo upande wako muda wote. Unasimama popote bila kuvuka barabara. Ukija kinyume chake unatazama Kivu kwa kupitia malori yanayokuja. Wengi wanaanzia Rusizi kwa sababu wameona mashindano yamepita hivyo, haya, wale hawaangalii mandhari.

Safari yenyewe mi ningeipanga hivi. Basi kutoka kwenu mpaka Kigali kwa kupitia Rusumo, baiskeli mzitoe tairi ya mbele mzifunge kwenye maboksi au hata blanketi na mkubaliane na konda mapema bei ya mzigo, siyo pale buti likishafungwa. Kumbukeni saa, Rwanda wako nyuma yetu saa moja, na jua linazama kwenye saa 12 jioni, kwa hiyo siku yenu ya baiskeli inaanza saa 12 asubuhi na iishe saa 9 mchana, usiku usiendeshe kabisa.

Kigali kaeni siku moja. Mkiwa na hamu nendeni mkaione Mur de Kigali, ule mlima wa mawe wa Kwa Mutwe uliokuwa kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli ya Septemba 2025, mara ya kwanza mashindano yale kuja Afrika, Mslovenia Pogačar akachukua kwa wanaume baada ya kilomita 267 na nusu. Pandeni mara moja tu kwa heshima. Msimalizie miguu hapo.

Kigali mpaka Musanze ni barabara nzuri ila ina magari mengi na ule mlima wa kutoka mjini ni mrefu na malori yanatembea kwa kujikongoja yanakumwagia moshi usoni, mi binafsi nawashauri mpande basi mpaka Musanze, mlale pale, asubuhi muone volkano kama hakuna ukungu. Nasema kama, kwa sababu kiangazi cha mwezi wa 6 mpaka wa 9 barabara ni kavu ila hewa ina vumbi na moshi, Karisimbi yenye mita 4,507 inaweza kujificha siku tatu mfululizo utadhani imehamishwa. Hilo ndo mnalolipa kwa kukwepa mvua. Na msiseme basi tuje mwezi wa 4. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua iliporomosha milima kwenye hizihizi wilaya za Rubavu, Rutsiro na Karongi, watu zaidi ya 130 wakafa. Mwezi wa 7 ni sahihi, baki nao.

Musanze–Rubavu ni kama kilomita 60, na ndiyo siku yenu ya kupasha. Unapanda taratibu kupita Mukamira, udongo mweusi wa volkano, viazi mpaka barabarani, magunia yamepangwa yanasubiri lori, halafu unaanza kushuka, na kushuka, na kushuka, mpaka unaliona ziwa na Goma kwa mbali. Rubavu, wazee bado wanaiita Gisenyi, ni mji ambao Kiswahili kinakusaidia kuliko miji mingine yote ya Rwanda kwa sababu ya Goma hapo jirani, mpaka unagawa mitaa. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017 ila kule vijijini Rutsiro mtaelewana kwa mikono, jifunzeni muraho na murakoze, na mkisikia watoto wanapiga kelele "komera!" wanawatia moyo, itikieni. Watawaita wazungu pia, nyie wote watatu, weusi vilevile, kwa sababu ya zile kaptula za kubana. Na watasema "agachupa", wanataka chupa ya maji. Zikishaisha wapeni, chupa tupu kwao ni mali, ila msirushe huku mnaendesha, wanakimbilia barabarani.

Rubavu jioni tembeeni ufukweni. Wavuvi wanatoka jua linapozama, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja, miti mirefu ya nyavu imetokeza mbele na nyuma kama ndevu za kambale, wanapiga makasia wanaimba. Wanavua sambaza, na hapo mtu wa Tanzania ajisikie nyumbani, maana wale samaki walipandikizwa kutoka Ziwa Tanganyika miaka ya 1950, ni ukoo mmoja na hao dagaa wa Kigoma. Waleni wamekaangwa wakavu na ndimu. Kuogelea, Kivu haina mamba wala kiboko, ila ogeleeni pale wenyeji wanapoogelea tu, ziwa lina gesi nyingi chini, na maeneo ya Rubavu na Goma kuna vishimo vya ardhini ambako hewa mbaya inakaa chini, wenyewe wanaiita mazuku, mbuzi akiinama kula majani pale hanyanyuki. Usiende kujisaidia kwenye bonde usilolijua.

Pale Rubavu pia mtaona chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedeli za Goma, kama bahati ipo. Mtu anaegemea goti, mzigo kilo mia na kitu, anashuka mlima breki yake ni kipande cha tairi anachokikanyaga kwa mguu. Mi ni fundi wa baiskeli miaka yote hii na bado nikiona chukudu inashuka nafumba macho.

Rubavu–Karongi ni kilomita 90 na kitu na ndo siku ngumu kuliko zote. Tokeni mara tu kukipambazuka, kuleni kabla, wali au viazi vya kutosha siyo chai tu. Chai ya Pfunda kushoto kulia, halafu unapanda unaingia Rutsiro, kijani mpaka macho yanauma, ziwa linaonekana chini kabisa kisha linapotea. Pembeni huko juu ndo kuna msitu wa Gishwati, kipande kilichobaki. Mtakuta baiskeli za abiria zimejaa, wanyonzi wanaitwa, wana kiti cha sponji nyuma, na mtaona vijana wameshika nyuma ya lori wanavutwa mlimani. Msiige, hata ukiwa unalia. Maduka yapo kila kilomita chache, maji ya chupa, ndizi, maandazi, na mkiona mahali pameandikwa amata ingieni, ni kijiwe cha maziwa, agizeni ikivuguto, mtindi mzito baridi kwenye glasi kubwa, hakuna jeli ya michezo duniani inayoifikia hiyo, mi naweka glasi mbili na andazi moja napanda mlima wowote. Chakula kile cha mchana cha kujipakulia sahani moja kipo kila senta, ila ukipakua kama wenyeji, ule mlima wa sahani, hutoendesha tena siku hiyo. Pesa taslimu kidogo mkononi, Momo (pesa za kwenye simu) huku inatumika mpaka kwa muuza ndizi ila lazima uwe na laini ya Rwanda.

Karongi, Kibuye ya zamani, laleni usiku mbili. Msinibishie. Miguu inahitaji na mji wenyewe ni mzuri kuliko yote kwenye ziwa, umekaa kwenye vile vidole nilivyosema, maji kila upande. Usiku mtaona taa kwa mbali katikati ya ziwa, ule ni mtambo wa KivuWatt unavuta gesi ya methani kutoka chini ya maji wanafulia umeme, megawati 26. Na pale kilimani kanisani kuna kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994. Barabara nzima hii mtapita kumbukumbu za namna hiyo, Bisesero ipo juu milimani upande huohuo. Vueni helmeti, ingieni kimya au piteni kimya. Niliwahi kuongoza kundi moja, jamaa akaegesha baiskeli ukutani pale apige picha inayoonyesha baiskeli vizuri, mzee mmoja akaja akaisogeza taratibu bila kusema neno, akaiweka chini ya mti. Sikujua pa kuweka uso.

Karongi–Rusizi ni kilomita 100 na kitu, gawanyeni siku mbili mlale maeneo ya Nyamasheke, na hapa ndo raha yenyewe. Barabara inashuka mpaka karibu na maji kabisa, inaingia kwenye ghuba, inatoka, mitumbwi, kahawa imeanikwa kwenye vichanja virefu kama ni msimu, kinamama wanaichambua. Vilima vipo vilevile ila vifupi, unapanda dakika 15 unashuka. Msiikimbilie. Kuna kona moja kabla ya Tyazo sitakuambia iko wapi hasa, utaijua, barabara inazunguka ghuba na unawaona wenzako upande wa pili wapo mita 300 tu kutoka ulipo ila wamekuacha kilomita 2.

Mkifika Ntendezi barabara inakutana na ile ya Huye. Kulia ni Rusizi, kushoto ni Nyungwe. Kama miguu imeisha nendeni Kamembe, mji wenyewe wa Rusizi, mlale, asubuhi basi la Kigali, mmemaliza kwa heshima zote. Kama kuna mtu ana siku moja na miguu bado, kata kushoto ulale Gisakura kwenye chai, kesho yake upite msitu wa Nyungwe mpaka Kitabi, kilomita 50 na zaidi za msitu, kima wanakaa barabarani wanakuangalia kama umechelewa. Ila ndani ya msitu hamna duka, hamna maji ya kununua, bebeni kila kitu kutoka Gisakura, na muwe wote pamoja.

Kuhusu Congo Nile Trail. Ni njia ya kilomita 227 kutoka Rubavu mpaka Rusizi, ilitengenezwa kwa watembea kwa miguu na baiskeli za mlimani, na inapita chini karibu na ziwa mahali ambapo lami haifiki. Ni nzuri kuliko lami, nakiri. Lakini ni vumbi, mawe, na ikinyesha udongo wake unashika tairi mpaka gurudumu haligeuki. Na rodi baiki utaichukia, na kuichukia njia nzuri hivyo ni dhambi. Kama mmoja wenu ana gravel baiki (ya barabara za vumbi) yenye tairi la milimita 40, basi siku ile ya Rubavu yeye aondoke mapema apige kile kipande cha chini mpaka Kinunu kwenye kahawa alale huko, awakute Karongi kesho yake, nyie si mpo usiku mbili.

La mwisho, angalieni kalenda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi za jamii, kuanzia saa 2 mpaka saa 5 asubuhi barabara zinasimama na ukionekana unazurura na baiskeli utaulizwa. Kama imeangukia siku ya safari ndo iwe siku ya pili ya Karongi, au nendeni mkashike jembe, mi nilishawahi kuchimba mtaro Rubengera na kaptula ya kubana, wakanipa na ndizi. Mifuko ya plastiki msiende nayo, inakatazwa tangu 2008, zile nguo zenu za mvua funga kwenye mfuko wa kitambaa.

Urefu wa mkono wa dereila nitumie picha kabla hujanunua hiyo kaseti.